Wenzangu wananunua zamu za jikoni, na anayeuza kazi ni mmoja tu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza. Tunaishi wasichana wanane kwenye nyumba ya kupanga upande wa Malimbe, vyumba vinne, kila chumba wawili. Tulianza Oktoba mwaka jana baada ya kuchoka na maisha ya geto la peke yako: chumba unalipa mwenyewe, gesi unanunua mwenyewe, umeme wa LUKU unagombana na wapangaji usiowajua, na mboga ikilala inachacha kwa sababu friji huna. Tukakaa chini, tukaandika makubaliano kurasa tatu, tukachukua nyumba nzima. Kodi ni 320,000 kwa mwezi, yaani 40,000 kila mmoja, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Chakula tunachanga 15,000 kwa wiki. Mimi ni katibu, ndiye ninayeshika daftari.

Kazi tuligawana sawa. Kila siku mmoja anapika chakula cha jioni, anaosha masufuria na kuhakikisha ndoo zimejaa, maana huku kwetu juu maji yanatoka usiku na si kila siku. Siku saba, watu saba. Wa nane anakwenda sokoni Jumamosi, halafu wiki inayofuata tunasogea. Muhula wa kwanza tuliishi vizuri sana, Shangazi. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo na dagaa wameshuka bei, tulikuwa tunakwenda soko la samaki la Mwaloni wawili wawili, tunarudi na ndoo imejaa, tunakula wiki mbili.

Kati yetu kuna mmoja ambaye hakupata mkopo wa masomo. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha tatu, mama yake anauza samaki wa kukaanga visiwani. Kodi ya miezi sita ya kwanza alilipiwa na mjomba wake. Ya pili hakuipata, tukamlipia kwenye akiba ya nyumba na kuandika deni, 240,000. Na hela ya chakula ikaanza kuchelewa. Ndipo mwenzetu mwingine, ambaye kwao wanajiweza, akamwambia, "Nipikie zamu yangu Jumanne, nakupa 3,000." Wote tuliona ni wema. Wiki iliyofuata akanunua mwingine. Leo wako wanne ambao hawajashika mwiko tangu Mei, na yeye anapika siku tano kati ya saba, yake moja na nne za watu.

Juzi tulikuwa na jaribio siku ya Ijumaa. Alhamisi saa moja usiku napita jikoni namkuta kakaa kwenye kigoda, sinia mapajani, anachambua dagaa. Karatasi za somo kazitandaza sakafuni, kazikandamiza na kopo la chumvi zisipeperuke. Vidole vimejaa magamba, kwa hiyo anageuza karatasi kwa kiwiko. Kutoka chumbani mtu anapaza sauti, "Chakula bado tu?" Nilikaa nikamsaidia, tukamaliza saa tatu. Wenzake walikuwa wanasoma tangu saa kumi jioni.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Mwezi uliopita alishikwa na malaria, akaomba mtu ampokee zamu. Mmoja wa waliomlipa akasema, "Lakini si nilishakupa hela?" Akaamka, akapika na homa yake.

Nililipeleka kikao cha Jumapili. Tukapiga kura. Watano walisema utaratibu uendelee, wawili tukakataa, na yeye mwenyewe hakunyoosha mkono upande wowote. Yule wa kwanza kununua alinijibu mbele ya wote, "Nani kalazimishwa? Yeye anataka hela, mimi ninayo. Wewe kinakuuma nini?" Akaongeza kwamba tukimkataza atahama na tumrudishie kodi yake. Usiku nikamfuata yule mwenzetu anayewapikia, chumbani kwake, nikidhani atafurahi nilivyomtetea. Aliniambia, "Usinifukuzie riziki. Wakiacha kununua nitakula nini?" Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali.

Mkataba wa nyumba una jina langu peke yangu. Je, nimekosea kuingilia? Niache kila mtu aishi anavyotaka, au kuna namna?

Katibu wa nyumba, Malimbe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na pale penye kiwiko nimesimama kila mara.

Hukukosea kuliona. Mlipoandika kurasa zile tatu mlikubaliana kuishi wanane walio sawa, na sasa mna wapangaji saba na mpishi mmoja anayelala nyumba moja nao. Kura tano haziwezi kulifanya hilo kuwa sawa. Lakini mwenzako naye amekwambia kweli tupu, na usipoisikia utamwumiza kuliko wanaomnunua. Ukipiga marufuku leo kununua zamu, jioni hii hana hela ya chakula, na baada ya wiki chache hana nyumba. Kwa hiyo usianze na kukataza. Anza na swali la yeye atakula nini, ukilipatia jibu ndipo uguse zamu.

Fungua daftari lako tufanye hesabu, kwa sababu nadhani hakuna aliyeifanya hapo nyumbani. Zamu nne kwa 3,000 ni 12,000 kwa wiki. Mchango wa chakula ni 15,000. Maana yake anapika siku nne za watu, na wiki ikiisha bado anadaiwa 3,000 ya chakula alichokipika mwenyewe. Kodi haijaguswa. Lile deni la 240,000 liko palepale. Na kwa maelezo yako zamu inaanza saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, yaani saa tano. Saa 20 kwa wiki zimetoka kwenye masomo yake zikahamia kwenye masomo ya wenzake wanne, kwa bei ya 600 kwa saa. Hiyo anayoiita riziki inamzamisha polepole, na mitihani ya mwisho wa muhula haiko mbali.

Sasa jiulize 3,000 ilipangwa na nani. Ilipangwa na aliyelipa. Wakulima wa pamba wa Kanda hii ya Ziwa, wakati wa ukoloni, walikuwa na shida hiyohiyo: mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayesoma uzito, ndiye anayetaja bei, na mkulima anaondoka na alichopewa. Hawakuacha kulima pamba. Walijikusanya, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao hapahapa Mwanza, Victoria Federation of Co-operative Unions, ili mkulima naye awe na sauti pale kwenye mizani. Wapo miongoni mwenu, bila shaka, wajukuu wa watu hao. Mwenzenu leo anauza kazi yake jikoni, mnunuzi kashika mizani, na nyumba yenu inayojiita ya pamoja imekaa pembeni inatazama.

Hapo ndipo pa kushika. Hela ya kazi za nyumba isipite tena kutoka mkono wa mtu kwenda mkono wa mwenzake. Ipite kwenye nyumba. Wanafunzi wa Berkeley kule California walianza nyumba zao za ushirika mwaka 1933, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na vijana wengi hawana pa kulala wala cha kulipa, na ushirika huo upo mpaka leo ukiwa na makazi mengi. Kila anayeishi humo anadaiwa kazi za nyumba, kwa kawaida saa tano kwa wiki, awe mtoto wa nani. Asiyefanya anatozwa faini, na anayemdai ni ushirika. Mwenzake wa chumbani hamdai kitu, wala hawezi kumwambia mgonjwa "si nilishakupa hela," kwa sababu hakumpa. Kazi ya wote ndiyo inayoshusha gharama ya kuishi pale, na ndiyo inayomfanya kila mtu ajue nyumba inakula nini na gesi inaisha lini.

Wale wanne wamepoteza ujuzi huo. Mtu ambaye hajachambua dagaa tangu Mei hajui kwamba dagaa walioanikwa mchangani wanaoshwa maji matatu, na kwamba siku maji hayakutoka hayo maji matatu yamebebwa kichwani kutoka kwa jirani. Anajua tu kwamba chakula kimechelewa. Simwiti mtu mbaya. Nasema ndivyo macho yanavyofumbwa, na yangefumbwa hata ya kwako ukikaa miezi miwili bila kupika.

Nenda kwa mwenzako kwanza, kabla ya kikao chochote. Ulilipeleka jambo lake mbele ya watu saba bila kumuuliza, ukamweka achague kati ya heshima yake na chakula chake wote wakimtazama. Ndiyo maana hakunyoosha mkono. Mtafute siku isiyo ya zamu, mtoke nje ya nyumba hiyo, mkae hata pale juu ya mawe mkitazama ziwa, umwombe radhi kwa hilo. Halafu muulize vitu viwili: kwa mwezi anaweza kupata kiasi gani bila zamu za watu, na anataka kubaki kwenye nyumba kwa masharti gani. Msikilize mpaka mwisho. Kama atasema anapenda kufanya kazi ya ziada kuliko kusaidiwa, hiyo ni haki yake, na ninachokupendekezea hapa chini kinampa kazi.

Nyumba ya watu wanane inahitaji mnunuzi wa kudumu kuliko inavyohitaji mtu mpya sokoni kila Jumamosi. Mtu anayejua bei ya unga ya wiki iliyopita, anayejua lini mwezi unaingia gizani ili akawahi Mwaloni kabla bei haijapanda, anayeweka akiba ya dagaa na maharage, anayeandika gesi ilifungwa tarehe ngapi. Ifanyeni nafasi rasmi. Achaguliwe kila muhula, aombe yeyote, na kazi yake iandikwe isizidi saa tano kwa wiki. Malipo yake ni kusamehewa mchango wa chakula. Zile 15,000 mkigawana saba, kila mmoja anaongeza kama 2,150 kwa wiki. Wale wanne sasa wanatoa 3,000 kila wiki kukwepa jiko, kwa hiyo wasikuambie kwamba ni mzigo. Watakaoongezewa kweli ni wewe na wenzako wawili msionunua, na ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia ulipe bila kunung'unika.

Muhula huu nafasi hiyo apewe yeye, akitaka. Anabaki na zamu yake moja ya kupika kama kila mtu, na kazi ya soko. Saa zake za ziada zinashuka kutoka 20 kwenda tano, na chakula chake kinalipika chote, jambo ambalo zamu nne hazikuliweza. Yule wa nane asiyekwenda sokoni tena afanye choo na uwanja wiki hiyo.

Zamu zibadilishwe zamu kwa zamu: nipikie leo, nikupikie Alhamisi, inaandikwa kwenye daftari. Anayeruka zamu bila kubadilishana anailipa nyumba, na hela hiyo inaingia akiba. Pangeni kiasi kinachouma, kwa maana 3,000 tumeshaona kuna watu haiwaumi kabisa. Mgonjwa hapiki. Hapo msiache mjadala, iandikwe kwamba anayefuata kwenye orodha anaingia, na mgonjwa akipona atamlipa zamu yake. Msichana mwenye homa ya malaria kusimama juu ya sufuria la ugali wa watu wanane, kwenye nyumba yenye wasomi saba wazima, ni jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alifikirie akiwa peke yake.

Deni la 240,000 lisitajwe mezani wala jikoni. Libaki kati yake na daftari. Apange mwenyewe kiasi, hata 5,000 kwa mwezi, asaini na wewe usaini, basi. Na kodi ya Oktoba? Hiyo mpango wa mnunuzi haugusi, sitakudanganya. Hiyo inahitaji mkopo, na hapa wewe katibu una kazi ambayo itamfaa kuliko hotuba zote za kikao. Dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na anayeendelea na masomo ambaye hakupata awali anaweza kuomba. Kaeni pamoja mpitie maombi yake ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake, vyote vilihakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo? Kama nyumba ya mama yake iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iliandikwa? Mdhamini alisaini, mwenyekiti wa mtaa au kijiji alipiga muhuri? Yatima anaweza kuonekana kwenye mfumo kama mwenye wazazi wote wawili kwa sababu ya karatasi moja tu. Nendeni kwa ofisa mikopo wa chuo mapema, msisubiri wiki ya mwisho mtandao ukiwa umeelemewa. Akikosa tena kuna dirisha la rufaa baada ya majina kutoka, asikate tamaa akalipita. Aende pia kwa mshauri wa wanafunzi aeleze hali yake. Mara nyingine chuo kinaweza kumpangia ada kwa awamu, na ada ikilegezwa, kama mjomba ndiye anayeilipa, hela yake inaweza kurudi kwenye kodi.

Nije kwako sasa. Mkataba wenye jina lako peke yako umekuweka pabaya. Kwa mwenye nyumba, wapangaji wanane hawapo, upo wewe. Mmoja akihama bila kulipa, atakayegongewa mlango ni wewe, na ndiyo sababu yule binti anaweza kukutishia kuhama. Kabla ya malipo yajayo nendeni wote wanane kwa mwenye nyumba, mkataba mpya uandikwe majina yote, kila mmoja na sehemu yake ya kodi, mshuhudiwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mtu apate nakala na risiti. Kwenye makubaliano yenu ongezeni kwamba anayeondoka katikati anarudishiwa kodi iliyobaki pale tu atakayechukua nafasi yake atakapoingia na kulipa, na huyo anayeingia mmkubali kwa kikao. Hapo akitaka kuhama mtamsaidia kubeba godoro kwa moyo mweupe.

Lakini mimi sidhani atahama, na ningependa asihame. Huyo binti alianza kwa wema. Aliona mwenzake hana hela ya chakula akatafuta namna ya kumpa bila kumfedhehesha, na wengine mlikuwa hamjafanya hata hilo. Wema wake ukageuka starehe polepole, bila mtu kumwambia. Mwambie wewe, mkiwa wawili tu, na usianze na neno unyonyaji. Mweleze ulichokiona Alhamisi ile jikoni. Mwonyeshe hesabu ya 12,000 na 15,000. Mwombe awe wa kwanza kuunga mkono nafasi ya mnunuzi, kwa kuwa akikubali yeye, wale watatu waliomfuata kununua watamfuata na kwenye hili. Wengi wao walinyoosha mkono kwa kutazama mkono wake.

Ukishazungumza na hao wawili ndipo uitishe kikao. Mambo yote yaandikwe, yasomwe kwa sauti, kila mtu asaini. Na siku hiyo zamu ya kupika iwe ya mmoja wa wale wanne, ili mwenzenu akae kikaoni tangu mwanzo mpaka mwisho, asiitwe kwenda kutazama sufuria.